Nguzo ya Njinjo

Antonia Romani alikuwa na tabia ya kuomba radhi kabla hajakosea. Akigonga mlango, samahani. Akiombwa kalamu, samahani, ndiyo hii. Pale ofisini Kilwa Masoko waliichukulia kuwa ni adabu ya watu wa bara, wakampenda kwa sababu hiyo, maana mtu wa namna hiyo hana usumbufu. Adabu ilikuwemo, hakuna anayekataa, lakini woga ulikuwa mwingi zaidi, na hapakuwa na mtu aliyejisumbua kuvitenganisha.

Alizaliwa Njinjo, kwa mzee Romani, mkulima wa mahindi na ufuta ambaye alimlea peke yake baada ya mama kufariki. Kuku waliuzwa, ufuta uliuzwa, baiskeli nayo ikauzwa, mpaka binti akapata stashahada yake ya takwimu. Chuoni ndiko alikojifunza kuandika programu za kuchora chati, kazi ambayo baba yake aliieleza kwa majirani kwa maneno yake mwenyewe: "Mwanangu anaiambia mashine namba, mashine inachora picha." Hakuna mtaalamu ambaye angeieleza vizuri zaidi.

Shirika lililomwajiri lilishughulika na ugomvi wa wakulima na tembo. Lilikuwa na vijiji sita, vingine vya Kilwa, vingine vya Lindi, na kila kijiji kilikuwa na mwandishi wake wa kujitolea aliyehesabu ni mara ngapi tembo wameingia mashambani. Kila baada ya miezi mitatu hesabu zililetwa ofisini na Antonia akazichora, kila kijiji kikapata nguzo yake kwenye chati. Nguzo ndefu, shida kubwa. Nguzo fupi, shida ndogo. Kitu chepesi kiasi hicho hata mfadhili anakielewa.

Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na Ibrahimu, mwenyeji wa Masoko, mtoto wa muuza pweza, mtu wa maneno mengi na roho safi. Ibrahimu alichora kwa rangi iliyompendeza siku hiyo: leo zambarau, kesho chungwa, nguzo za duara, nguzo zenye vivuli. Chati zake zilikuwa kama kanga zilizoanikwa baada ya harusi. Zilikuwa na ubaya wote unaoujua, lakini juu ya kila nguzo aliandika namba yake, kubwa na nyeusi, kwa sababu, kama alivyosema, mtu anataka kujua ni ngapi.

Kisha akaletwa Getrude kutoka Dar, mkuu wa mawasiliano, pamoja na kitabu chake cha mwongozo wa nembo chenye kurasa thelathini na nane. Kitabu kilisema shirika lina kijani kimoja tu, na pembeni yake rangi ya mchanga. Nyekundu hairuhusiwi, inatisha wafadhili. Namba juu ya nguzo haziruhusiwi, zinachafua. Na juu ya kila chati, kutoka kushoto mpaka kulia, kuna ukanda mweupe wa nembo, ambamo tembo wa kijani amesimama ameinua mkonga, na hakuna kitu chochote kinachoruhusiwa kumgusa.

Wiki ya pili Getrude alichukua chati moja ya Antonia, akaibandika ukutani kando ya nembo iliyochapwa Dar, akawaita wafanyakazi wote kumi na mmoja, mpaka mlinzi.

"Hebu tusaidiane," akasema kwa sauti ya upole. "Hiki ni kijani cha nani?"

Vijani vile viwili vilitofautiana kidogo kama maziwa ya asubuhi na ya jioni.

"Si cha shirika. Labda cha kwenu kijijini. Antonia, kwenu mnapaka nini ukutani, majani?"

Wakacheka. Ibrahimu naye alicheka kidogo, ndipo akajishika. Antonia akasema samahani, Madamu. Akaambiwa asiombe radhi kwake, aiombe kwa tembo pale ukutani. Na kwa kuwa mlinzi bado alikuwa anacheka, na kwa kuwa Getrude alikuwa amesimama na kusubiri kweli, Antonia akaugeukia ukuta akasema samahani. Kuna watu hufurahi wakimwona mwenzao amefika chini, na Getrude alikuwa mmoja wao.

Baada ya siku ile Antonia hakutaka kukosea tena maishani mwake. Akakaa siku nne akaandika faili moja la programu, akaliita mtindo. Ndani yake aliweka kila kitu: kijani cha shirika kwa msimbo wake wa kompyuta, alama ya reli na tarakimu sita, rangi ya mchanga, aina ya herufi na ukubwa wake, unene wa nguzo, ukanda wa nembo. Ukiandika mstari mmoja tu mwanzoni mwa programu yako, chati yoyote inavaa sare. Chati za mwaka jana zikavaa, za mwezi huu zikavaa, na za mwaka ujao zilikuwa zimekwisha shonewa.

Humo humo akafunga na ngazi ya namba inayosimama pembeni ya chati. Iende kutoka sifuri mpaka ishirini, kwa chati zote, siku zote. Alifanya hivyo ili chati zifanane kimo, na ili nguzo yoyote isije ikapanda ikamgusa tembo wa nembo. Robo ile, Oktoba mpaka Desemba, kijiji kilichoingiliwa zaidi kilifikisha kumi na saba. Ishirini ilionekana inatosha na kubaki.

Mtu wa Dar angesamehewa. Huyu alikuwa mtoto wa Njinjo. Alijua tangu hajaota meno ya pili kwamba Oktoba mpaka Desemba shambani kuna mabua na vumbi, tembo atafuata nini? Tembo huja Januari mahindi yakianza kubeba, huja Februari, huja Machi na watoto wake, na hapo ndipo watu hulala kwenye madungu, vichanja vya kulindia mashamba, wakipiga madebe mpaka mikono inatoka malengelenge. Haya yote alikuwa nayo kichwani. Lakini siku ile alikuwa akimfikiria Getrude, hakuwa akifikiria tembo, na kichwa hakibebi mabwana wawili kwa wakati mmoja.

Getrude alizipokea chati kumi na nne zilizovaa sare, akazigeuza moja moja kutafuta kosa, akakosa.

"Sasa hapo," akasema.

Maneno hayo mawili Antonia alitembea nayo wiki nzima.

Mwandishi wa hesabu wa kijiji cha Njinjo alikuwa mzee Romani mwenyewe. Alichaguliwa na mkutano wa kijiji kabla binti yake hajaajiriwa, na binti alipojaza fomu za kazi hakulitaja jambo hilo. Hakuulizwa, naye hakupenda kuanza kazi kwa maelezo. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Barazani kwake ilining'inia kamba ya ukindu, na mtu ambaye shamba lake limeingiliwa usiku alikuja asubuhi akafunga fundo kwa mkono wake mwenyewe, mzee hagusi. Baadaye ndipo alipohesabu mafundo na kuandika kwenye daftari. Alifanya hivyo kwa sababu wengi hawasomi, na mtu asiyesoma huona maandishi kama siri ya wenzake, lakini fundo alilolifunga mwenyewe halimpi shaka. Januari mpaka Machi yakafungwa mafundo arobaini na moja. Mahindi ya Njinjo mwaka ule yaliishia matumboni mwa tembo, ikabaki mihogo, mtama na ufuta.

Mzee akaazima simu ya jirani, akapiga picha ukurasa wa daftari, akamtumia binti yake. Kisha akapiga.

"Toni, umezipata?"

"Nimezipata, baba."

"Watu wananiuliza kuhusu ule uzio. Niwaambie nini?"

Uzio wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa waya wa umeme wa jua, kilomita nane. Mfadhili alikuwa amekwisha toa mingine kwingine, na huu wa mwisho ungepewa kijiji kimoja katika sita, mwezi Aprili, kile kilichoumia zaidi. Ukifungwa kabla ya mwisho wa Mei, mtama na ufuta ungepona. Usipofungwa, Njinjo ingeingia kiangazi haina kitu ghalani.

"Waambie watulie, baba," Antonia akasema. "Kitomanga wanawafuata nyuma na kumi na tisa. Hakuna wa kuwafikia."

Mzee akawaambia. Kijiji kizima kikatulia kwa neno la binti Romani.

Antonia akaingiza arobaini na moja kwenye kompyuta kwa vidole vyake. Akaandika mstari wake mmoja, chati zikavaa sare, akazituma kuchapwa kwenye karatasi nene. Mashine haina ubishi. Ngazi ilikuwa inaishia ishirini, basi nguzo ya Njinjo ikapanda mpaka ishirini, ikakatwa palepale chini ya miguu ya tembo wa kijani, na mashine haikusema kitu. Chati zilikuwa kumi na nne na Antonia alizikagua zote. Alikagua kijani.

Aliliona kosa siku ya kikao, saa nne asubuhi, chati ilipomulikwa ukutani ikawa kubwa kama mlango. Nguzo tano zilikuwa na vichwa, zimeishia mahali zilipoishia. Ya sita haikuwa na kichwa, ilikuwa imezama kwenye ukanda mweupe. Kando yake nguzo ya Kitomanga ilisimama na kumi na tisa yake, na mtu akiziangalia kwa mbali angesema ni mapacha.

Mgeni wa wafadhili alikuwa mama mmoja mrefu, Kiswahili chake cha kujifunzia darasani, na haikuwa kosa lake kwamba aliamini alichoonyeshwa. Akainuka, akaweka kidole kwenye nguzo moja, kisha kwenye nyingine.

"Hizi mbili ni sawa?"

Getrude akageuka. "Antonia, wewe ndiye unayechora. Jibu."

Watu tisa walikuwa wanamwangalia. Mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe thelathini mwezi ule, na Getrude ndiye aliyeshika kalamu. Lakini tusiusingizie mkataba peke yake. Alikumbuka ukuta, alikumbuka mlinzi anavyocheka. Akaona kwamba akisema sasa hivi kwamba chati ina kosa, mbele ya mgeni, ataambiwa ageukie ukuta tena.

"Samahani," akasema. "Zinakaribiana sana."

"Basi kama ni karibu sawa," mgeni akasema, "uzio tuufunge pale ambapo gari linafika."

Kitomanga ipo kando ya lami. Njinjo wakati wa masika gari hulala njiani. Kikao kikaendelea na mambo ya chai.

Jioni ile ile alimfuata Getrude chumbani kwake, akamweleza yote: ngazi, ishirini, arobaini na moja. Getrude alisikiliza bila kumkatiza. Akafungua jalada la Njinjo, akasoma kitu, akainua uso.

"Mwandishi wa Njinjo anaitwa Romani nani?"

Antonia akataja jina la ukoo. Lilikuwa ndilo lake pia.

"Ni baba yako."

"Ndiyo, Madamu."

"Uliwahi kutuambia?"

"Hapana, Madamu. Samahani."

Getrude akafunga jalada taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta siku nyingi. "Sasa nisikilize. Leo asubuhi mgeni kakuuliza, ukajibu. Uamuzi umepita. Jioni unakuja kuniambia nguzo ya kwenu ilitakiwa iwe mara mbili, na aliyehesabu ni baba yako mzazi. Nani ataamini? Mimi mwenyewe siamini. Ukitaka, andika barua kwamba ulimdanganya mfadhili, saini, niipeleke Dar na hizo namba za baba yako. Hutaki, nenda nyumbani ukapumzike, na mkataba wako nitausaini."

Kalamu na karatasi vilikuwepo mezani. Antonia akavitazama kitambo, akasema asante, Madamu, akaondoka. Ndiyo, alisema asante.

Shirika lilikuwa na desturi ya mrejesho: matokeo hurudishwa kijijini, yabandikwe, watu wayaone. Kwa Njinjo Getrude aliwateua Ibrahimu na Antonia. "Nenda kwenu ukawaeleze mwenyewe," akamwambia. "Wewe wanakuelewa." Angeweza kumtuma mtu mwingine yeyote.

Wakaenda kwa pikipiki mbili kwenye tope, siku nzima. Mbele ya ofisi ya kijiji watu walikuwa wamekwisha kaa, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo. Habari za Kitomanga zilikuwa zimewatangulia. Mzee Romani alikaa mbele, amevaa shati lake la kanisani, kamba ya mafundo imekunjwa magotini. Antonia akamwamkia, akaitikiwa marahaba mwanangu, na uso wa mzee ulijaa fahari hata siku ile. Mwenyekiti Abdurahmani akafungua kwa asalaam aleikum na Tumsifu Yesu Kristo, kila upande ukaitika wake, kisha chati ikabandikwa ukutani, kubwa, ya karatasi nene inayong'aa.

Watu wakainuka kuitazama. Ibrahimu akaanza kueleza rangi, akaona hakuna anayesikiliza, akaacha. Aliyesogea karibu kuliko wote ni bibi Mwanaheri, mjane ambaye mahindi yake yaliliwa yote Februari. Hakuwahi kukanyaga shule. Akapitisha kidole juu ya kila nguzo, kutoka chini kwenda juu, bila haraka.

"Hii ina kichwa," akasema. "Hii ina kichwa. Hii nayo. Hii ya wapi?"

"Hiyo ya kwetu, bibi," mtu akamwambia.

"Yetu haina kichwa. Imegonga dari. Mjukuu wangu, nguzo ikigonga dari si ndiyo kusema ilikuwa inaendelea?"

Yaani mama mrefu na digrii zake, na Getrude na kurasa zake thelathini na nane, na watu tisa waliokuwa kwenye kikao, wote walishindwa kuona kitu hicho.

"Sisi tulifunga arobaini na moja," akasema kijana mmoja kutoka nyuma. "Hapa zimeandikwa ngapi?"

Ibrahimu akaangalia ngazi ya pembeni. "Hapa inaonekana ishirini," akasema kwa sauti ndogo, akamgeukia Antonia. Alikuwa hajui. Kwa namna alivyomtazama, ndiyo kwanza anaanza kujua.

Makelele yakaanza. Ishirini na moja zimekwenda wapi? Nani kazila? Kitomanga wamempa nini? Mwanamume mmoja akasema waziwazi kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba binti Romani amesomeshwa kwa ufuta wa Njinjo akaenda kuiuza Njinjo. Mwingine akauliza hizo pikipiki zinasubiri nini. Mwenyekiti akapiga meza.

"Tumpe nafasi mwenye kuchora aseme. Binti, hesabu ya kijiji ilikufikia?"

Hapo ndipo mzee Romani alipoinua uso akamtazama mwanawe. Hakuwa na wasiwasi. Alijua jibu, alikuwa anasubiri tu wengine walisikie.

"Sema, Toni," akasema. "Si ulizipata nilizokutumia?"

Palikuwa na majibu mengi ya kweli. Angeweza kusema nilizipata, nikakosea. Angeweza kulia tu, watu wangemaliza wenyewe. Wangemtukana, labda wangemfukuza, lakini ni watu wa kwao. Hasira ya nyumbani ina mwisho. Ila Antonia alikuwa amekwisha zoea kumwogopa mtu mmoja, na aliyezoea hivyo hujibu kana kwamba anayemwogopa yupo, hata kama yuko mwendo wa siku nzima.

"Samahani," akasema. "Mimi nilichora nilichopokea."

Watu waliacha kumtazama yeye wakamtazama baba yake, maana neno lile lilikuwa na njia moja tu ya kueleweka.

Mzee Romani hakuonyesha hasira. Alimwangalia mwanawe kwa muda, kama mtu anayesoma barua mara ya pili kuhakikisha ameielewa. Kisha akainama akaitazama kamba magotini pake. Alipoinuka aliegemea gogo kwa mkono, naye kwa kawaida huinuka bila kuegemea.

"Mtoto anasema kweli," akasema. "Nilimtumia ishirini."

"Romani," mwenyekiti akasema, "mafundo ni arobaini na moja. Tumeyahesabu hapa hapa."

"Mengine niliyafunga mwenyewe. Niliutaka uzio. Wakati wa kutuma nikaona aibu, nikatuma yale ya kweli. Msimlaumu mtoto."

Kamba ile ilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alifunga fundo lake. Lakini kila mtu alijua fundo lake tu, hakuna aliyejua yote. Basi pale pale, mbele ya macho ya Antonia, watu wa Njinjo wakaanza kutazamana. Mwanaheri alijua mawili yake ni ya kweli. Ya jirani yake je? Yule kijana wa nyuma alijua moja. Waliokuwa wamekesha pamoja kwenye madungu mwezi wa pili wakawa wanaulizana kwa chinichini, wewe shamba lako liliingiliwa kweli, au ulikuwa unamsaidia mzee? Jibu likawa matusi, na wanaume wawili ikabidi washikwe.

Mwenyekiti Abdurahmani akaandika muhtasari: mwandishi wa kijiji amekiri kuongeza hesabu, anaondolewa. Akagonga muhuri. Mzee akamkabidhi daftari, kalamu na kamba, akasaini kwa herufi zake kubwa, akaenda zake nyumbani bila kumngoja mwanawe. Bibi Mwanaheri peke yake ndiye aliyebaki mbele ya chati, bado amesimamisha kidole pale nguzo inapogonga dari.

"Romani hajui kusema uongo," akasema, wala hakumgeukia mtu. "Hata leo hakuweza."

Njiani wakati wa kurudi, walipoteremka kuvusha pikipiki kwenye maji, Ibrahimu akasema, "Dada, ungesema tu. Mimi ningekusaidia." Antonia akajibu samahani, na Ibrahimu akamwambia neno hilo asimwambie tena.

Muhtasari ukafika ofisini wenye muhuri. Getrude akausoma akiwa amesimama mlangoni kwa Antonia, ili na wa vyumba vya jirani wasikie.

"Unaona? Nilikwambia siamini." Akafungua kitabu chake ukurasa wa thelathini na moja. Kijiji ambacho takwimu zake zina mashaka huvaa kijivu, na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, na hakihesabiwi katika ugawaji wa misaada mpaka kithibitishwe upya. "Iweke kwenye lile faili lako, ili ishike kote. Sitaki kuikumbusha kila robo."

Ulikuwa mstari mmoja. Antonia aliuandika saa tano asubuhi, akaendesha programu, na Njinjo ikageuka kijivu kwenye chati kumi na nne kwa mara moja, na kwenye za robo iliyopita, na kwenye zile ambazo bado hazijazaliwa. Getrude alizigeuza moja moja, hakuona kosa. Mchana akamletea mkataba, mwaka mmoja, umesainiwa.

Mwisho wa Juni baba yake alipiga. Mtandao Njinjo hushika kwenye kilima tu, kwa hiyo alikuwa amepanda. Alimwuliza kama mkataba wameongeza, Antonia akasema wameongeza. Akamwuliza kama anakula vizuri, akasema anakula. Mzee akasema hilo ni jema, upepo ukawa unasikika kwenye simu.

"Baba," Antonia akasema, "wameingia tena?"

"Kwangu wameingia mara tatu. Ule ufuta wa bondeni umekwisha."

"Na kwa wengine?"

"Kwa wengine sijui, mwanangu. Siku hizi hawaniambii."